Wanachuo wa Mbeya na Iringa mnaongea lugha gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanajirudia kila mwaka, hasa kuanzia mwezi wa kumi na wa kumi na moja fasti yia wakianza kushuka stendi na mabegi na ndoo. Wazazi wanauliza, wadogo zetu waliomaliza fomu siksi wanauliza, hata wahadhiri wageni wanauliza. Mimi nilisoma ualimu wa lugha Iringa, saivi nina steshonari Mbeya jirani na chuo, naprinti, natoa kopi, nabaindi ripoti, kwahiyo kutwa nzima nasikiliza watu wakiongea kaunta. Nimejibu kama ninavyoongea, anayetaka Kiswahili cha kamusi basi kamusi zipo.

Kwani mnaongea lugha gani hasa?

Inategemea nani yuko mbele yako. Juzi kuna dogo wa mwaka wa pili alikuja kuprinti asainmenti, simu ikaita, mama yake anapiga kutoka Tukuyu, dogo akasogea pembeni akainama kidogo kama vile mama anamuona, "Mugonile mama", wakaenda na Kinyakyusa mpaka mwisho, neno la kigeni nililolidaka ni "bumu" tu (hela ya mkopo). Akakata. Hapohapo akampigia CR (mwakilishi wa darasa), "Oya, hivi dedilaini si kesho saa nne? Mi bado sijasabmiti, hawa memba wa grupu wananizingua." Akanigeukia mimi, "Kaka samahani, naomba uniprintie kopi mbili, moja uibaindi." Alafu akapita mhadhiri wake pale nje, mgongo ukanyooka, "Shikamoo Dokta", na kilichofuata hapo kilikuwa Kiingereza kitupu, cha taratibu, cha kuchagua maneno.

Huyo ni mtu mmoja na haikufika robo saa. Kwahiyo ukimuuliza yeye anaongea lugha gani atakujibu Kiswahili, na hajakudanganya, ila hiyo ni sehemu tu ya habari.

Na huku kwetu lugha zimejaa. Upande wa Mbeya na Songwe kuna Kisafwa, Kinyakyusa, Kindali, Kinyiha, Kimalila, Kisangu, Kinyamwanga, ukija Iringa na Njombe kuna Kihehe, Kibena, Kikinga, Kipangwa, Kiwanji. Hapo hujaweka wanaotoka Mwanza na Kisukuma chao wala wa Bukoba na Kihaya chao. Tanzania nzima ina lugha zaidi ya 120 na chuo kinakusanya za kutosha kwenye korido moja ya hosteli. Wa Kyela wana jambo lao la ziada, ng'ambo ya mto Songwe kule Karonga, Malawi, kuna Wangonde wanaosikilizana nao vizuri tu, kwahiyo kuna madogo wamekua wakivuka mpaka bila kubadilisha lugha. Na wa Tunduma ukikaa nao vizuri utasikia Kibemba kinachungulia, hasa kwenye kuhesabu hela.

Si uvivu tu? Mimi naona watoto hawajui Kiingereza wala Kiswahili, wanachanganya tu.

Hili swali wazazi wanalipenda, na wahadhiri wengine pia. Naomba tulitazame neno moja, sabmiti.

Mwanachuo anasema nimesabmiti, hajasabmiti, tutasabmiti, nisabmitie, hiyo kazi imesabmitiwa. Sasa angalia ukanushaji. Kiswahili kitenzi cha asili kikikanushwa wakati uliopo kinabadilisha mwisho, nasoma inakuwa sisomi, naenda inakuwa siendi. Lakini vitenzi vilivyotoka Uarabuni havibadiliki, nafikiri inakuwa sifikiri, najaribu inakuwa sijaribu, nasamehe inakuwa sisamehe. Na huyu dogo anayesemwa hajui lugha anasema "mi sisabmiti leo", hasemi vingine, yani amelichukua neno la Kiingereza akaliweka kwenye foleni ileile walikokaa fikiri na jaribu kwa mamia ya miaka, na hakuna aliyemfundisha. Fasti yia anafika chuo wiki ya kwanza analisikia neno, wiki ya pili analinyambua vizuri. Mtu asiyejua Kiswahili hawezi kufanya hivyo, jaribu kumpa mgeni aliyejifunza Kiswahili miezi mitatu uone.

Kuna mtaalamu wa isimu, Carol Myers-Scotton, alifanya kazi sana na rekodi za watu wa Nairobi wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza, na mwaka 1993 akatoa hoja yake kwamba kwenye mchanganyiko kuna lugha moja inayojenga fremu ya sentensi na nyingine inaleta vipande vya kuchomeka. Wataalamu wenzake wamebishana naye sana kwenye mengine ila kwa haya ninayoyasikia kaunta fremu ni Kiswahili karibu muda wote. Viambishi, mpangilio, upatanisho, vyote vya Kiswahili. Kiingereza kinaleta mzigo wa chuo, dedilaini, asainmenti, prezentesheni, kozi weki.

Ila nisiwe mnafiki, wapo ambao kweli Kiingereza kinawapiga chenga na wanachanganya kuficha. Hao wanajulikana, ukiwabana waseme Kiingereza peke yake wanakwama sentensi ya pili. Shida yao ina sababu yake, nitaigusa chini huko.

Nipeni maneno ya kujua kabla sijafika.

Sawa, ila ujue yanabadilika, baadhi ukifika utakuta yameshazeeka.

Bumu ni hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, na kabla hujaipata unasaini, ndo maana utasikia "leo tunasaini bumu" na siku hiyo kuku wote wa jirani na chuo wako hatarini. Ukifeli somo unarudia mtihani, hiyo ni sapu, ukifeli na sapu unaweza kulibeba somo mwaka unaofuata, hiyo ni keri, na ukizidisha zaidi ya hapo unadisko, yani chuo kimekuaga. UE ni mtihani wa mwisho wa semesta. Madesa ni noti na maswali ya zamani yaliyopigwa kopi na kurithishwa kutoka mwaka hadi mwaka (mimi nakula kwa sababu ya madesa, nayaheshimu), ila kudesa ni kuangalizia, na hapo nakuonya. Msuli ni kusoma kwa nguvu, unapiga msuli. Kimbweta ni ile meza ya zege ya nje ambapo watu wanajisomea na kubishana mpira. Tukigusa zege, zege lenyewe kwa wanachuo ni chipsi mayai, na ndondo ni maharage. Geto ni chumba ulichopanga mtaani. Kubebana ni kulala wawili kitanda kimoja hosteli, mmoja ana kitanda rasmi na mwenzake hana. Kushusha nondo ni kutoa hoja nzito, na mtu anaweza kushusha nondo kwa Kiswahili kizuri sana kimbwetani alafu akaingia kwenye prezentesheni akawa bubu.

Kitonga je? Nasikia watu wanasema "anapenda vya kitonga".

Vya bure, vya kuteleza. Kiswahili cha mtaani kitu rahisi ni mteremko, na mteremko ambao kila abiria wa njia hii anaujua ni Kitonga, ule mlima wa Iringa wa kona kona kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Kinachonichekesha, ukitoka Dar kuja huku Kitonga unaupanda, malori yanalia mpaka basi. Ukitaka kuuona kama mteremko lazima uwe unatoka Iringa kwenda Dar. Kwahiyo hili neno limebeba na uelekeo wa safari.

Kwa nini watu wa huku mnasema "huwaga" na "kasimu"? Hicho ni Kiswahili gani?

Hapa ndo penyewe, mimi naweza kukaa hapa siku nzima.

Anza na hiyo "ga". Anakujaga, nasemaga, tunakulaga hapo, huwaga anachelewa. Lugha nyingi za Kibantu za bara zina kiambishi hiki mwishoni mwa kitenzi kuonyesha kitu kinachojirudia au kinachoendelea, zetu za huku zikiwemo. Una rafiki Mnyakyusa anaitwa Subilaga? Kusubila ni kutumaini, hiyo ga imekaa hapo mwishoni inakwambia endelea kutumaini, usiache. Sasa mtu aliyekua na jina kama hilo nyumbani akija kuongea Kiswahili anaona Kiswahili kina upungufu, kina "hu" ya mwanzo, huja, husema, ambayo masikioni kwake inasikika kama kitabu cha darasa la tano. Anaweka ga. Na "huwaga" imechukua vyote viwili, hu ya Pwani na ga ya bara kwenye neno moja. Mwalimu wa Kiswahili anasema ni kosa, na kwenye insha ni kosa kweli. Kimbwetani inafanya kazi safi, na saivi wala sio ya Nyanda za Juu tu, Dar yenyewe wanasemaga.

Alafu ka na tu. Kiswahili sanifu ukitaka kudogosha unatumia ki na vi, kitoto, vitoto. Kinyakyusa kina ka na tu, hadithi moja ni akapango, nyingi ni utupango, na Kihehe kina mpango huohuo. Kwahiyo huku utasikia "kasimu kangu kamezima", "nina kasapu kamoja tu", "tuhela twa bumu". Angalia tofauti yake, ukisema "kijisimu" unakidharau, ukisema "kasimu" unakaonea huruma, kadogo lakini ni kako.

Utamu unakuja kwenye wingi. Upatanisho wa tu ni tu, na "tu" hiyohiyo ndo sisi. Kuna binti mmoja wa mwaka wa tatu alisimama hapa kaunta akaangalia salio, akamwambia mwenzake "tuhela tumeisha". Mwenzake akamuuliza, "Tumeisha sisi au tumeisha tuhela?" Akajibu, "Vyote." Walicheka mpaka nikawapa kopi mbili bure, za kitonga. Sasa utani kama huo ufanye kwa Kiswahili sanifu, "vihela vimeisha", hakuna kitu. Ufanye kwa Kiingereza, hakuna kitu. Unatoka tu kwa mtu mwenye sarufi mbili kichwani zinazogongana kwenye silabi moja, na anajua kwamba zimegongana.

Wanacheka lafudhi yangu nikiprezenti. Nifanyeje?

Kinyakyusa hakina z, hakina v, hakina r. Ukikulia ndani huko, "uzuri" unaweza kutoka "usuli", redio ikawa ledio, na ukiwa umesimama mbele ya watu mia mbili moyo unadunda ndo inazidi. Wahehe nao wanataniwa kwa yao, Wakinga kwa yao. Sasa utani upo na tumeukuta, Wahehe na Wangoni wana utani wao wa tangu vita za zamani, hauwezi kuuzuia na hauna haja. Ila utani una pande mbili, anayetaniwa naye anarudisha. Mtu amesimama anaprezenti kwa alama, hawezi kurudisha, na darasa zima linacheka, hapo utani hakuna, hapo ni kumuonea mwenzako tu, na mhadhiri anayecheka pamoja nao ndo wa kulaumiwa zaidi.

Na hao wanaocheka wana zao. Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja, kilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kwahiyo kama hujazaliwa Unguja mjini wewe na mimi wote ni wageni, tunatofautiana umbali tu. Ushauri wangu mdogo, rekodi prezentesheni yako kwenye simu usiku wa kabla, sikiliza yale maneno matatu manne ya kiufundi yatakayojirudia, hayo ndo ya kuyafanyia mazoezi. Mengine acha yatoke yanavyotoka.

Kuchanganya lugha kunasaidia kusoma au kunaharibu?

Kunasaidia kuelewa. Kujibu mtihani ni habari nyingine.

Kimbwetani kuna vijana wa injiniaringi walikuwa wanahangaika na sheria ya Kirchhoff ya mkondo wa umeme, ile ya 1845. Kwenye desa imeandikwa kwa Kiingereza, wameisoma kwa sauti, wameikariri, hawaielewi. Mmoja akachukua mfano wa Mafiati, makutano ya barabara hapa Mbeya, akasema, "Sikieni, hii nodi, hapa nyaya zinapokutana, ni Mafiati. Bajaji zinazoingia Mafiati lazima zitoke, hazipaki pale, zikiingia kumi kutoka huku, zikatoka sita huku, nne zimeenda wapi?" Wakajibu wote kwa pamoja. "Basi karenti ndo hizo bajaji." Dada mmoja akabisha, lakini bajaji zingine zinapaki. Akajibiwa, "Hizo zinazopaki ni kapasita, hiyo mada ya wiki ijayo." Nilikuwa nawapelekea kopi zao nikasimama hapo mpaka mwisho.

Sasa huyo kijana ametumia Kiingereza kwa majina ya vitu, Kiswahili kwa maelezo, na barabara ya Mbeya kwa mfano. Kule Wales kuna mwalimu anaitwa Cen Williams, mwaka 1994 aliandika kuhusu madarasa ambayo wanafunzi kwa makusudi wanasoma kwa lugha moja na kutoa jibu kwa nyingine, Kiingereza na Kiwelisi, ili kitu kipite kichwani mara mbili. Baadae Ofelia García kule Marekani akaipanua hiyo hoja ikawa somo kubwa duniani. Huku kwetu inafanyika kila jioni mpaka saa sita usiku na hakuna anayeiita jina lolote, wanasema "tuna diskasheni".

Tatizo liko kwenye karatasi ya mtihani. Mtoto wa kitanzania wa shule ya serikali amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia fomu wani ghafla kila kitu Kiingereza, akafika chuo Kiingereza kinaendelea kama vile kilishakaa. Tume ya elimu ya Makweta, na Jackson Makweta mwenyewe alikuwa mtu wa Njombe hapo, kwenye ripoti ya 1982 ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Haikufanyika. Mjadala unazunguka tangu wakati huo na wanaoulipia ni hawa wa kimbwetani, wanaelewa kwa lugha moja wanapimwa kwa nyingine.

Kwahiyo fanya hivi. Elewa kwa lugha yoyote unayotaka, hata kwa Kikinga. Alafu, na hapa ndo wengi wanaishia njiani, kaa na yale uliyoyaelewa uyaandike kwa Kiingereza kwa mkono wako, aya moja moja, mkosoane. Diskasheni inayoishia kwenye "aaah nimeelewa" inakupa furaha ya usiku mmoja.

Wahadhiri wenyewe si wanachanganya?

Wanachanganya sana tu. Jan Blommaert, mtafiti wa Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliandika kuhusu alichokiita Kiswahili cha Kampasi, mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza wa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na waongeaji aliowaangalia walikuwa wahadhiri. Sio wanafunzi. Kwahiyo anayekwambia mchanganyiko umeletwa na kizazi cha simu, mwambie aulize maprofesa wastaafu.

Na uandishi wa WhatsApp, ile ya "m2" na "7bu"?

Saivi imepungua, madogo wapya wanaandika maneno marefu au wanatuma voisi, lakini bado ipo. Angalia hapo, m2 ni mtu, wa2 ni watu, ki2 ni kitu, yani mbili inasomwa kwa Kiingereza. Alafu 7bu ni sababu, saba inasomwa kwa Kiswahili. Tarakimu zote hizo kwenye meseji moja, moja unaisoma Kizungu nyingine Kiswahili, na msomaji hasimami hata sekunde. "Kuna m2 kaja na ki2 7bu yako" inasomeka vizuri tu. Ilizaliwa enzi kila meseji inalipiwa na ina kikomo cha herufi, ila ikabaki hata bando zilipokuja, kwa sababu inaonyesha wewe ni wa humu. Sawa na kinyume, ule mchezo wa kugeuza silabi, demu anakuwa mude, ambao watu wanadhani ni wa vijana wa juzi wakati Askofu Edward Steere alishauandika Unguja karne ya 19.

BAKITA wanasemaje?

Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967 na kazi yake ni kukuza na kusanifu, siwezi kulilaumu kwa kufanya kazi yake. Watu wanacheka maneno yao mapya alafu wanayatumia. Kishikwambi kilichekwa kweli kweli, ikaja sensa ya 2022 makarani wanapita mitaani nacho, saivi mwanachuo anakwambia "nichajie kishikwambi" hana habari. Mengine hayajashika, tarakilishi unaikuta kwenye vitabu, wateja wangu wote wanasema kompyuta.

Na mtaa nao unasanifu kivyake. Kitabu kilikuja kutoka Kiarabu, Waswahili wakaiona ile ki ya mwanzo wakaichukulia kama yao, wakasema vitabu. Madereva wakafanya hivohivo, kipilefti, wingi wake vipilefti. Wanachuo wanapita njia hiyohiyo ya babu zao.

Naenda fildi au TP (mazoezi ya kufundisha) kijijini, au niko wodini. Kilugha kinanihusu?

Kinakuhusu kuliko unavyodhani. Wa ualimu unafika shule ya msingi huko Makete au Ileje, darasa la kwanza kuna watoto Kiswahili chenyewe ndo wanakianza. Salamu peke yake inafungua mlango, "kamwene" kwa Wahehe, Wabena, Wakinga, "ndaga" kwa Wanyakyusa kushukuru.

Wa udaktari wanajua zaidi. Bibi wa Kisafwa anaulizwa maumivu yameanza lini, anaelewa Kiswahili cha sokoni lakini mwili wake anaueleza kwa Kisafwa. Ukiwa huelewi usikisie na usiitikie tu kwa kichwa, mtafute muuguzi au mwanafunzi mwenzako anayejua. Nimewasikia wakisimulia jinsi mwenzao aliyekuwa anaona aibu na Kisafwa chake mwaka mzima ghafla amekuwa mtu muhimu wodini, kila daktari anamuita.

Wa sheria nao wana yao. Tangu mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama, ila kesi za zamani na vitabu vingi bado Kiingereza. Kwahiyo wanasoma huku, watafanya kazi kule. Hao mazoezi ya kuhamisha hoja kutoka lugha moja kwenda nyingine ni ajira yenyewe.

Mimi wa Dar, sijui kilugha hata kimoja. Nitatengwa?

Hapana. Utapewa jina la utani wiki ya kwanza, basi. Wengi wa mjini hapa Mbeya nao hawajui, wanasikia wakiitwa na bibi wanaitika Kiswahili. Usiigize lafudhi ya watu tu, hiyo wanaichukia.

Mama anasema nikirudi likizo naongea kihuni.

Mama hajakosea, umesahau kubadilisha gia. Yule anayeongea na CR kwa "oya" ndo anayeinama kwenye simu ya Tukuyu, yani ufundi wenyewe uko kwenye kujua uko wapi. Nyumbani "mzuka" na "unyama" viache kwenye basi. Na baba akikuuliza matokeo usimwambie "nina kasapu kamoja", mwambie kwa Kiswahili kamili umefeli somo gani na unarudia lini, kale ka kakifika masikioni mwa mzazi anaona unafanya mzaha na ada yake.

Nimwandikieje mhadhiri, Kiswahili au Kiingereza?

Lugha aliyowaandikia yeye kwenye tangazo lake la mwisho, hiyohiyo. Kama hujui, Kiswahili rasmi au Kiingereza rasmi vyote sawa, ila chagua kimoja mpaka mwisho. Naonaga watu wanaandika hapa kaunta "Mambo sir, xamahan ckufanya test 7bu nlkuwa naumwa" alafu wananiuliza mbona hajibu.

Andika hivi: "Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, namba yangu ya usajili ni hii. Sikufanya jaribio la Jumatatu kwa sababu nilikuwa nimelazwa, cheti cha hospitali ninacho. Naomba kufahamu nije ofisini siku gani." Inatosha. Usisimulie ugonjwa wote. Cheti kiambatanishe hapohapo, na ukikipiga picha hakikisha pembe zote nne zinaonekana, wengi wanaukata muhuri.